Kunguru Aliyenuka Moshi

Kila asubuhi Noreen alianzia kwenye kibanda cha moshi. Alichochea kuni, akageuza minofu ya samaki iliyotundikwa kwenye fito, kisha akakimbilia karakana ya mjomba wake, Harvey, kuigusa kayaki yao. Rangi ilikuwa bado inanata. Mvua ya Hoonah, kijiji chao cha pwani ya Alaska, haikuwa na adabu msimu ule. Kijijini hakikukauka kitu, hata soksi.

Boti hiyo nyembamba waliiunda wenyewe kwa plaiwudi. Juu yake mjomba alichora kunguru, alama ya ukoo wao wa upande wa mama, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Alichora uso ukikaribia kugusa mbao, maana presha ya macho ilikuwa inamzimia mwanga kidogo kidogo. Daktari alisema kufikia majira ya theluji huenda asione tena. Noreen alitaka jambo moja tu: mjomba aione kayaki ikielea angali anaona.

"Hiyo itakauka ukiwa bibi kizee," binamu yake Delbert alimtania. "Mjomba kasema tusubiri, wewe kila saa kidole."

Mjomba alipopanda feri kwenda kliniki, Noreen aliipakia kayaki kwenye kigari cha kuni, akaiingiza kwenye kibanda cha moshi palipokuwa na joto. Jioni rangi ilikuwa kavu. Aliirudisha, akafuta majivu kwa kitambaa, wala hakumwambia mtu.

Mjomba aliporudi alifurahi. Alipaka vanishi ili maji ya chumvi yasiichubue rangi, lakini vanishi ilikataa kutulia. Ilijikusanya matone matone, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Kesho yake ilikuwa bado inanata, na keshokutwa yake vilevile. Noreen akaelewa kwamba mafuta ya samaki yalipanda na moshi yakaganda juu ya rangi. Alielewa, akarudi kugeuza samaki wake.

Mjomba hakumlaumu mtu. Aliliinua kopo hadi puani ajaribu kusoma maandishi yake, akaliweka chini.

"Nimekosea kopo, au nimekosea kukoroga," alisema. "Basi. Macho yamekwisha."

Tangu siku hiyo alishinda jikoni, redio ikisema peke yake. Hakugusa hata kisu cha kuchonga. Supu ilipoa mbele yake, na mama yake Noreen alilia akiosha vyombo. Noreen alitamani ardhi immeze. Aliogopa kusema, na kila siku aliyochelewa ilimwongezea aibu ya kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nasi watu wazima tunalijua hilo na bado tunaficha.

Kisha siku moja Noreen alimkuta mjomba akimkabidhi Delbert brashi zake zote, zimefungwa kwenye gazeti.

"Chukua. Mimi sina kazi nazo tena."

"Si macho yako, mjomba," Noreen alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Niliiweka kwenye moshi ikauke."

Mjomba aliinuka, akapapasa ukuta hadi karakana, akaiinamia kayaki na kunusa.

"Samaki," alisema polepole. Mabega yake yalitetemeka, na Noreen hakujua kama analia au anacheka.

Ilibidi wafute kila kitu kwa thina, dawa ya kuyeyushia rangi. Kunguru aliishia kwenye matambara, na Noreen alilia alipoona jicho lake linafutika. Baada ya kupiga msasa, mjomba alitoa vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa umbo la macho na mabawa, alivyochorea mara ya kwanza. Yeye alivishikilia, Noreen akafuatisha ukingo kwa penseli, kisha kwa brashi. Safari hii walisubiri mpaka kidole hakikuacha alama. Vanishi ilitulia laini.

Waliishusha majini asubuhi ya baridi, kabla ya theluji. Mjomba aliinama, akamtazama kunguru kwa muda mrefu.

"Jicho la kushoto umelipinda," alisema.

Noreen alicheka huku akilia, kwa kuwa mjomba ameliona.

"Haraka yako nimeisamehe, mpwa wangu. Rangi hupakwa tena," mjomba aliendelea. "Lakini siku zile ulizonyamaza, mimi nilikuwa nimejizika. Macho haya yatakwisha, hilo halina dawa. Kwa hiyo ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Kuanzia sasa nitaona kwa kinywa chako."