Sauti ya Kujaribia

Ofisi ya kampuni ya simu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Watu walishika vikaratasi vyenye namba, macho kwenye ubao uliogoma kubadilika tangu saa nne. Akaingia mwanamke aliyevaa gauni la kijani la mikono mirefu, mkoba begani, akauliza wa mwisho ni nani. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, lakini kijana mmoja mwenye fulana iliyopauka na begi la kompyuta mgongoni aligeuka kana kwamba ameitwa jina lake.

"Wa mwisho ni mimi," alisema. "Na wewe ndiye unayetupandishia bei ya mafuta."

"Samahani?"

"Kila siku, saa moja asubuhi. Mafuta yamepanda, mvua itanyesha, waziri amekanusha. Usibishe, sauti ni yako."

Yule mwanamke alicheka kabla hajawahi kujizuia. Kweli alikuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni, na kwa miaka sita watu walikuwa wakimjua kwa masikio tu. Kufikia namba zao kuitwa, walikuwa wamekwisha kupachikana majina. Yeye akawa Saa Moja. Kijana akawa Vitufe, kwa sababu alisema anatengeneza michezo ya kompyuta, na Saa Moja akataka kujua kama hiyo ni kazi au ni kubonyeza vitufe mpaka chakula kiive.

Tangu hapo simu ya Vitufe ililia kila taarifa ilipokwisha. Waliongea upuuzi mtamu wa watu wanaopendana. Vitufe alimweleza kwamba michezo nayo ina tuzo zake, watu huvaa suti, huita washindi jukwaani, na baadaye huko mitandaoni hugombana wiki nzima nani kadhulumiwa. Saa Moja alicheka hadi machozi. Yeye alikuwa akisoma habari za vita na mafuriko asubuhi, akitoka studio anafungua simu na kukuta watu wazima wanatukanana kwa ajili ya kikombe cha mchezo.

"Angalau hao hawajaua mtu," Vitufe alimwambia.

"Sawa, lakini mchezo hauwezi kumliza mtu."

"Nitakuliza, mpenzi. Subiri."

Vitufe alimpenda kweli; hilo niliseme mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Mama yake Saa Moja alipopatwa na kiharusi na upande mzima wa kushoto ukalala, Vitufe ndiye aliyekuja kushusha kitanda kutoka ghorofani, na ndiye aliyefunga vyuma vya kushikia msalani. Mama akaanza kumwita mkwe, kwa mdomo uliopinda, naye akaitika bila kuona haya.

Lakini wa kumbeba Mama kila siku alikuwa Saa Moja peke yake, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mchana mmoja alimaliza kumbadilisha nguo, akatoka, akaketi kwenye ngazi za nyuma na kumtumia Vitufe ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Hakuupanga. Alilia humo, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa kiumbe yeyote. Vitufe alikuja mbio, akamfuta uso kwa shati lake mwenyewe, akamwambia jambo hilo limeishia kwake. Saa Moja alilala usingizi mzuri siku hiyo, wa kwanza kwa miezi.

Mwaka ukapita. Mama akaanza kutembea kwa fimbo, akarudia redio yake. Kila asubuhi alimsikiliza mwanawe, na mwanawe akirudi alimkosoa: leo umekimbia, leo umemeza maneno. Vitufe alikuwa amemaliza mchezo wake mkubwa, lakini alikataa katakata kuuonyesha, akidai anamwandalia Saa Moja jambo.

Asubuhi moja mhariri aliongeza ukurasa mwishoni mwa taarifa, habari nyepesi ya kufungia. Mchezo uliotengenezwa hapa nyumbani umeteuliwa kuwania tuzo kubwa ya kimataifa. Ni hadithi ya binti anayempandisha mama yake mgonjwa ngazi za jengo lisilo na mwisho, na mitandaoni watu wanalia hadharani. Saa Moja alijua ni mchezo wa Vitufe, akaisoma huku tabasamu likimponyoka. Akatangaza kwamba wasikilizaji watasikia kipande chake, na fundi mitambo nyuma ya kioo akakiachia.

"Leo nilipokuwa nambeba nikaomba afe. Unanisikia? Nimeomba mama yangu afe, ili nilale."

Sauti ilikuwa imeshushwa kidogo, lakini anayemsikia mtu kila asubuhi hadanganyiki. Fundi mitambo aliinua kichwa, akamtazama. Saa Moja aliitazama taa nyekundu iliyoonyesha kwamba yuko hewani. Akasoma hali ya hewa. Akataja saa, akawatakia wasikilizaji siku njema, kisha akavua vipokea sauti na kutoka studio.

Kufikia saa tatu mitandao ilikuwa imezipanga sauti mbili sambamba, ya mchezo na ya redio. Wale wale waliolia juzi sasa walitaka kujua ni binti wa namna gani anayemwombea mama yake kifo. Wapo waliomtetea, wapo waliomchora vibonzo vya kumkejeli, na wengi hawakujua lolote ila walisema. Yeye hakuwa na habari nao. Alisimama kwenye korido ya redio, mgongo ukutani, akapiga namba ya Vitufe.

"Mpenzi, nilikuwa nataka kukupigia..."

"Ujumbe wangu umefikaje redioni?"

Vitufe akaeleza, maneno yakimkimbia. Katika kazi yao huwekwa kwanza sauti ya kujaribia, ya mtu yeyote, ili kupima urefu wa maneno kabla ya kumlipa mwigizaji. Siku hiyo alikuwa na haraka, akaweka ule ujumbe wa Saa Moja. Mwigizaji alipokuja, alisoma vizuri sana lakini hakuna aliyeguswa. Tarehe ya mwisho ikafika, mchezo ukaenda kama ulivyo.

"Umekaa na jambo hili muda gani?"

"Miezi mitano."

"Miezi mitano unakuja kwetu, unamwita mama yangu mama."

"Nilitaka kukuomba ruhusa, Saa Moja. Niliogopa ungekataa."

"Basi jibu langu ulikuwa nalo," alisema, akakata.

Nyumbani alikuta redio imezimwa. Mama alikuwa sebuleni, anakunja nguo kwa ule mkono unaofanya kazi, taratibu, moja juu ya nyingine. Saa Moja alipiga magoti mbele yake, akaanza kuomba radhi na kushindwa kumaliza.

"Nilijua," Mama alisema. "Ulikuwa unanibeba unatetemeka. Ningekosaje kujua? Hata mimi niliomba nife, nikakuficha usije ukalia."

"Mama, sikumaanisha."

"Ulimaanisha. Siku hiyo ulimaanisha, na sikulaumu." Akalishusha shati aliloshika. "Kinachoniuma ni kwamba mlikuwa na siri ya kifo changu, wewe na yeye, na mimi nakaa hapa namhimiza aongeze chai."

Saa Moja aliona kwamba amesalitiwa na kwamba naye amesaliti, na maumivu hayo mawili hayakutaka kutenganishwa. Alilia kifudifudi kwenye mapaja ya mama yake, na Mama akaendelea kukunja nguo juu ya mgongo wake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Wiki mbili baadaye Vitufe alishinda. Alipanda jukwaani, nchi ya mbali, ndani ya suti nyeusi iliyompwaya mabegani, na mbele ya kamera zote akapiga goti. Akasema kikombe ni cha mwanamke mmoja tu, na kama anamsikia, amsamehe na akubali kuolewa. Video ikazagaa kote. Watu waliokuwa wakimtukana Saa Moja sasa wakamwandikia mkubalie, dada, usiringe. Mhariri alimletea hata habari yenyewe aisome. Saa Moja aliirudisha mezani kwake, ikasomwa na mtangazaji mwingine.

Siku ya tatu Vitufe aligonga mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajapiga pasi shati wala hajala tangu ashuke kwenye ndege.

"Nimekuja bila kamera," alisema.

Alisema ile sauti imekwisha kuondolewa, mwigizaji ameyasoma maneno yale upya, na kikombe atakirudisha akitaka. Alisema alikuwa mjinga, tena mjinga mwenye tamaa. Hakujitetea. Akatoa kiboksi kidogo cha pete, na Saa Moja alimwamini kila neno. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Nakupenda," alimwambia. "Sitakuficha. Lakini tangu ufike hapo mlangoni, kila neno nalipima kabla halijatoka, kama niko studio. Na ni kwako tu nilikuwa naongea ovyo."

"Itapita. Nipe muda."

"Nitakuwa mkeo miaka thelathini, Vitufe, na kila nikiumwa nitajiuliza umeweka wapi simu."

Chozi lilimtoka Vitufe na hakulifuta. Saa Moja naye alikuwa akilia, ameshika kitasa, hasogei mbele wala nyuma.

Kutoka chumbani fimbo iligonga sakafu mara moja.

"Nani huyo, mwanangu?" Mama aliuliza.

Vitufe alimtazama Saa Moja, akingoja.

"Ni mgeni, Mama," alisema. "Alikuwa anaaga."