Jibu la Damu ya Mzee Eusebio

Ijumaa, tarehe 2 Novemba 2018, Siku ya Wafu, roho zinapowatembelea walio hai. Usiku ilinyesha mvua ya mawe juu ya El Alto, mji wa milimani Bolivia, na asubuhi mabati yalikuwa bado meupe. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeyakausha, ukabaki upepo wa kupasua midomo.

Delfina Calisaya hakuhisi upepo wala jua. Alikuwa amebanwa na umati langoni mwa makaburi, akinunua vitunguu vyenye mabua marefu, ili roho ya baba yake ipate cha kubebea maji ikirudi ilikotoka saa sita mchana. Vifungo vya sweta yake nyeusi vilikuwa vimepishana, na wala hakuwa na habari.

"Samahani, dada, kaburi la Mzee Eusebio Calisaya liko..."

Aligeuka. Daktari Nadir Antelo alisimama mbele yake, amevaa jaketi jembamba la watu wa Santa Cruz, midomo imekuwa ya zambarau.

"Delfi."

"Bado hujajua kuvaa," Delfina alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Na wewe bado hujajua kupokea simu."

"Nilikuwa naziona."

"Zote?"

"Zote."

Walianza kwa utani wa namna hiyo, mwaka uliopita, Nadir alipopangiwa kazi hospitalini kwao. Kila akipanda ngazi, alisimama katikati akihema. Delfina, muuguzi wa hapo, alimpita na trei yake. "Daktari, nikuletee kiti au padri?"

"Lete mdomo wako unipulizie."

"Huu ni wa kunywea chai."

Mwezi wa tano mwaka huu Nadir alikwenda kumposa. Mzee Eusebio, mchimba madini mstaafu, alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, mbona mchumba anahema kuliko mimi?"

Mwezi wa sita mzee alilazwa kwa kifua. Alihangaika asubuhi nzima, kisha akatulia. Nadir alimtoa damu kwenye mshipa unaodunda kifundoni mwa mkono, akarudi na jibu, madaktari wenzake wawili wakiwa pembeni.

"Hewa ukaa arobaini," alisema akitabasamu. "Safi kabisa, kipenzi. Kama ya kijana. Mwache alale."

Kwao Santa Cruz, chini kwenye joto, arobaini ni namba ya mtu mwenye afya. Juu huku hewa ni nyepesi. Watu huvuta pumzi haraka maisha yao yote, na hewa ile chafu hukaa chini ya thelathini. Mgonjwa wa kifua akifika arobaini hajapona, amechoka kupumua. Delfina aliiona namba ile, ikamchoma. Akamtazama mchumba wake, akawatazama wale wawili, akanyamaza.

Jioni mzee alikimbizwa chumba cha mahututi. Hakutoka. Daktari mkuu alisema huenda hata wangewahi asingepona, hakuna ajuaye. Mama Hilaria alimlaumu Nadir peke yake, na Delfina akanyamaza mara ya pili. Nadir akarudi kwao Santa Cruz. Tangu siku hiyo Delfina alikula akiambiwa ale, akalala akiambiwa alale. Hata kanisani midomo ilisali, moyo haukuwapo.

"Nimekuja kusali tu," Nadir alisema sasa. "Nikimaliza naondoka."

"Mama yupo."

"Najua. Acha anitukane."

Kaburini kitambaa kilikuwa kimetandikwa, juu yake miwa, majani ya koka na mikate yenye nyuso za watu. Mama Hilaria, katika sketi yake pana ya marinda meusi, aliinuka.

"Nani kamleta huyu? Umemuua, leo unakuja kumwombea?"

"Hilaria," alisema shangazi Plácida, "leo anayekuja kusali hafukuzwi. Mbona yule mlevi aliyesali asubuhi tumempa mkate?"

Nadir alipiga magoti. "Baba yetu uliye mbinguni..." Pumzi ikamkatika. Akaanza upya, ikakatika tena.

"Polepole, mwanangu," Plácida alisema. "Mungu hana haraka na wewe."

Alimaliza. Ilibaki wenyewe wampe mkate, kama desturi ilivyo kwa kila anayemwombea marehemu wao. Mama Hilaria alikunja mikono. Hakuna aliyesogea.

Delfina aliokota mkate mmoja. Ulikuwa mgumu na baridi, akauhisi vidoleni.

"Mama, ile namba niliiona."

"Namba gani?"

"Ya damu ya baba. Nadir aliisoma kama wanavyoisoma kwao. Mimi nimezaliwa hapa, nimesomea hapa. Nilijua, nikaogopa kumwaibisha mbele ya wenzake. Ukimnyima yeye mkate, ninyime na mimi."

Nadir alimtazama akiwa bado amepiga magoti. "Mimi ndiye niliyesoma, Delfi. Nilipaswa kuuliza."

Mama Hilaria alimkaribia binti yake. Delfina alifumba macho, akingoja kofi. Mama alianza kufungua vifungo vya ile sweta, kimoja kimoja, akavifunga upya kila kimoja mahali pake.

"Mpe mkate," alisema. "Ameshasali."

Nadir aliupokea. "Nilidhani unanichukia."

"Sikuwa nahisi kitu. Hata chuki."

"Na sasa?"

"Sasa nasikia baridi."

Akavua jaketi lake kumvisha. "Wewe mwenyewe utakufa," Delfina alisema.

"Ukifa, niolewe na nani?" Plácida aliigiza sauti ya mpwa wake, na waombolezaji wa kaburi la jirani wakacheka.

Nadir hakucheka. "Nilikuposa kwa mzee. Naomba tena, mbele yake."

Delfina aliweka kiganja juu ya udongo. Alisema kwa sauti, hata wale wa kaburi la jirani wakavua kofia:

"Mbele ya Mungu, mbele ya baba, na mbele yenu wote, nitaolewa na Nadir Antelo. Na siku nikiona namba inanitisha, awe ameisoma yeye au mkubwa wake, nitasema palepale, kwa sauti hii hii."