Usiitike Siku ya Mto

Jioni ile nilishuka mtoni nimefura kwa hasira. Mama alikuwa nyumbani anahema kwa shida, pumu imembana, na kaka yangu Dotse alikuwa amevuka jana yake kumtafutia dawa ng'ambo. Nilimkuta Agbeko, mwenye mtumbwi, ameufudikiza mtumbwi wake na kuukalia.

"Nivushe nikamfuate Dotse."

"Leo mto umepumzika, dada. Unajua."

Najua! Nani hapa Dzakpe asiyejua? Siku ya mto havuki mtu, na anayeita kutoka ng'ambo haitikiwi. Mji wetu wa zamani uko chini ya maji haya tangu bwawa lilipojengwa, sisi tukarundikwa huku juu kwenye vijumba vya saruji. Wazee walikubali kila kitu. Walichobaki nacho ni miiko, na hiyo hawaiachi hata mtu akiwa anakata roho.

"Mama akinifia, utaniambia nini wewe?"

Agbeko akatema mate. "Mdomo huo utakuponza."

Ndipo tukasikia.

"Akpeneee..."

Sauti ya Dotse. Ikaja na harufu ya moshi wa samaki, nzito, ya siku ya soko... Lakini soko la samaki lilizama pamoja na mji.

Agbeko akanishika mkono. "Nyamaza," akanong'ona. "Nakuomba, dada. Nyamaza."

"Akpene... dawa ninayo..."

Nilikuwa nimechoka kunyamazishwa. Nikapaza sauti: "Ilete! Mama yuko nyumbani!"

Maji yakatulia.

Sikusikia kasia. Agbeko alikuwa ameshatimua mbio. Nikarudi nyumbani nikiutukana mji mzima. Mlangoni nikakuta nyayo... za tope jeusi, mbichi.

Zinaingia. Hazitoki.

Mama alikuwa ameketi kitandani, anatabasamu, kifua kimetulia tuli. "Kaka yako kaja," akasema. "Kaninywesha."

Dotse alifika kesho yake, dawa ikiwa mfukoni haijafunguliwa. "Nikuite mimi? Siku ya mto? Kwani nina wazimu?"

Daktari wa zahanati anasema mama amepona. Majirani wananiambia nishukuru, halafu wananikwepa njiani. Nishukuru nini? Kila nikimuuliza mama alinyweshwa nini, ananicheka tu.

Anapumua vizuri mno. Jana nilimkuta amelala fofofo, uso ameuzamisha kwenye beseni la maji.