Damu ya Jumatatu na Damu ya Jumatano

Mimi hushona viatu Ruiru, nyuma ya soko. Binti yangu Wangeci hukaanga mandazi hapo kando yangu. Mume wake anafanya kazi Voi, kwa hivyo yeye anakaa kwangu. Jumatatu hiyo mafuta yalikuwa bado baridi, na tayari alikuwa ameketi chini, mkono tumboni.

"Baba, nina mimba," aliniambia. "Nilipima mkojo wiki jana. Lakini tangu jana naona damu kidogo. Na hapa upande wa kushoto panauma."

Sindano ilinitoka mkononi. Mama yake nilimzika miaka sita iliyopita. Alitokwa na damu kwenye benchi ya hospitali, na wakubwa walikuwa mkutanoni. Tangu siku hiyo mtu wa koti jeupe simwamini, na aliyemwajiri simwamini kabisa.

Tulienda maabara moja hapo Ruiru. Walimtoa damu mkononi, wakapima homoni ya mimba. Wakatupa karatasi: 620. Basi.

"Mia sita na ishirini ni nzuri ama ni mbaya?" nikauliza.

"Muulize daktari," mama wa kaunta akasema, macho kwenye simu.

"Nyinyi ni wezi wa mchana!" nilimwambia mbele ya watu.

Jumanne nikasema twende Thika. Wapime upya, tuone wa Ruiru wametudanganya kiasi gani.

"Baba, wewe na vita vyako," Wangeci alisema. Lakini alikuja.

Huko Thika, maabara ya hospitali, alipimwa na mama mmoja anaitwa Katunge. Namba ikatoka 815.

"Haiya! Imepanda!" Nilicheka peke yangu. "Mtoto yuko sawa!"

Katunge hakucheka. "Pole pole, mzee. Ile ya kwanza ilipimwa wapi?"

"Ruiru, jana."

"Basi bado hatujui kitu. Mashine yetu na yao si moja. Damu ileile inaweza kutoa namba mbili tofauti." Akaangalia gundi kwenye vidole vyangu. "Wewe ni fundi wa viatu, sivyo? Kiatu namba saba cha kiwanda hiki na namba saba cha kile, ni sawa?"

"Hapana," nikakubali.

"Umeona? Tena namba moja haisemi mengi. Mimba changa ikiwa sawa, homoni hupanda haraka. Kwa wengi hukaribia kuwa mara mbili kwa siku mbili au tatu. Ndiyo maana tunapima tena baada ya saa arobaini na nane, maabara ileile. Ikipanda kwa kujikokota, au ikishuka, daktari atafute sababu. Saa zingine mimba imekaa nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Mrija ukipasuka, mama anavuja damu ndani kwa ndani."

"Anaumwa upande wa kushoto," nikamwambia.

Kwa sababu ya yale maumivu, alitupeleka kwa daktari papo hapo. Picha ya tumbo haikuonyesha kitu. Daktari alisema labda mimba bado ni changa sana, labda haiko mahali pake. Kesho asubuhi saa arobaini na nane zitatimia. Turudi Ruiru tupime, tumletee karatasi zote mbili.

"Lakini akiumwa sana," aliniambia, "akizimia, bega likiuma, au damu ikiwa nyingi, msingoje kesho. Njooni hospitali saa yoyote. Damu ya ndani huumiza hata bega."

Ruiru. Kwa wale niliowaita wezi.

Jumatano yule mama wa kaunta alinitambua. "Mzee, umerudi kwa wezi?"

"Nimekuja kuomba," nikasema. "Mpime kwa mashine ileile."

Tulingoja kwa muda wa saa tatu. Wangeci akikohoa, moyo wangu unaruka. Akinyamaza, unaruka zaidi. Nilimuuliza bega mpaka akachoka.

"Baba, bega ni zima! Ukiniuliza tena nitakuuma!"

Karatasi ikatoka: 690. Imepanda, ndiyo, lakini kwa kujikokota. Hata mimi wa darasa la nne nilielewa.

Thika walirudia picha. Safari hii daktari aliona uvimbe kwenye mrija wa kushoto. Mimba hiyo haiwezi kukua hapo, alisema, lakini mrija haujapasuka. "Mmewahi." Wangeci alilazwa, akadungwa dawa ya kuizuia isikue. Alilia sana. Nilikaa naye tu.

Ikabaki kupima damu mara kwa mara, sasa hapo Thika tu, mpaka homoni iishe. Ilishuka wiki baada ya wiki.

Pale Ruiru nilipita kumwambia yule mama: mnapotoa karatasi, elezeni mtu arudi lini, na arudi hapohapo. Akasema hakuna aliyemfundisha. Basi hiyo ni aibu ya mkubwa wake. Lakini siku hizi anaeleza, nimemsikia.

Wiki ya sita Wangeci alisoma karatasi mwenyewe: chini ya tano. Imekwisha. Tukatoka nje. Akanishika mkono tuvuke barabara, kana kwamba mgonjwa ni mimi.