Jiwe la Teboho na Bajeti ya Waziri

Wifi yangu 'Mamokete alikuwa anasonga ugali huku redio ikiongea. Waziri wa Fedha alisema mgao wetu wa ushuru wa mipakani umepungua, kwa hiyo nchi itabidi ikaze mkanda. Bajeti ataisoma bungeni Jumatano.

Alisema hayo tu. Lakini mchana, kisimani, maneno yalikuwa mengine kabisa. Eti Jumatano waziri anaitenga loti, pesa yetu, na randi ya Afrika Kusini. Eti maloti yote yatakuwa karatasi za kuwashia moto.

Kwetu Lesotho, loti moja ni randi moja. Tumekua hivyo. Basi hofu ikatuingia mpaka ugali ukatushinda.

'Mamokete alikuwa na maloti aliyopata kwa kuuza manyoya ya mbuzi, ameyaficha sandukuni chini ya mablanketi. Yalikuwa ya jiwe la kaburi la mumewe, kaka yangu Teboho. Kaburi lilikuwa bado halina jiwe, na watu wa ukoo walishaanza kusema.

Jumanne mtu mmoja aliegesha gari karibu na banda la kunyolea mbuzi. Ukimpa maloti mia, anakupa randi themanini. Watu walipanga foleni kimya, kama wako hospitali. Ntate Khosi, jirani yetu, alibadilisha maloti yake yote. 'Mamokete naye akafungua sanduku. Nilimfuata.

Karibu na lile gari tukakutana na Lineo, mwalimu wa biashara shuleni.

"'M'e 'Mamokete, unakwenda wapi na kaburi la mumeo mkononi?"

"Kuliokoa, ausi. Kesho waziri anaiua loti."

Lineo alitueleza polepole. Kazi ya waziri ni kupanga nchi ipate wapi na itumie nini. Bunge hujadili, ndipo lipitishe. Loti kuwa sawa na randi ni makubaliano ya nchi na nchi, hayavunjwi kwa hotuba moja. Tena Benki Kuu huweka akiba ya kuyalinda maloti.

Wifi hakutulia. "Na kama wanatuficha? Wakubwa hawasemi kila kitu."

"Kweli, hawasemi. Basi mwache waziri, mtazame huyu mwenye gari. Kama kesho maloti ni karatasi, yeye anayakusanya ya nini?"

Tukatazama. Kiti cha nyuma kilikuwa na gunia, nalo limejaa maloti. 'Mamokete akatia kitita kifuani, tukarudi nyumbani.

Jumatano tulikaa mbele ya redio bila kula. Waziri alisoma. Mishahara ya maofisa haitapanda. Barabara yetu imeahirishwa, nikasonya. Malipo ya wazee hayakuguswa. Loti ilibaki vilevile. 'Mamokete akalia kwa sauti.

Kesho yake alikwenda dukani na noti moja tu, kujaribu. Mwenye duka aliipokea huku anapiga miayo.

Mwezi wa nne tulisimamisha jiwe la Teboho. Ntate Khosi alikuja, akala nyama, akalitazama jiwe muda mrefu. Kisha akauliza kama mwakani, siku ya bajeti, anaweza kuja kusikiliza redio kwetu.

'Mamokete alimwambia aje mapema, kabla hajapita kisimani.