Wino wa Herufi Pana

Meza ilikuwa tupu. Jumatatu saa tatu asubuhi mchoraji wa herufi alitoka bafuni, taulo begani, akakuta karatasi zake zote ishirini na sita zimetoweka. Kabati lilikuwa wazi. Kufuli halikuvunjwa.

Ilikuwa kazi ya miaka minne: herufi kubwa, nene, pana, zisizo na vikia wala madoido, za kuandikwa ubavuni mwa mabasi na juu ya maduka, zisomwe na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kila moja aliichora kwa mkono kwenye karatasi ngumu, pana kama mlango. Nakala hakuwa nayo. Kampuni ya mabasi ilizihitaji Jumatano.

Kwenye kituo cha polisi alimtaja mtu mmoja tu, mwandika vibao aliyeitwa Mabango. Waliwahi kufanya kazi pamoja, na mwezi uliopita Mabango alisema mbele za watu kwamba wazo la herufi hizo ni lake na iko siku atazichukua. Kufikia mchana alikuwa mahabusu. Alilala humo akiapa kwamba asubuhi ile alikuwa juu ya ngazi, akipaka rangi kibao cha duka la dawa. Mwenye duka hakuwa na uhakika wa saa.

Jumanne asubuhi Inspekta alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mchoraji. Taarifa ya alama za vidole alikuwa nayo mfukoni. Kwenye kabati zilionekana za mchoraji na za mkewe, basi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na mlango wake wa barabarani, ndio pekee wa kutokea nje, ulikuwa mwembamba. Mke, aliyestaafu kazi ya kupokea simu hospitalini, alileta kiti, akakipangusa vumbi, akarudi jikoni. Mchoraji hakumtazama.

Inspekta alimwomba mzee mchoraji aeleze asubuhi ile tangu alipoamka. Yeye akaeleza herufi. Akasimulia jinsi alivyoipanua O mpaka ikakaa kama yai lililolazwa, na jinsi anavyopunguza unene kidogo pale mistari miwili inapokutana, la sivyo panakuwa na doa jeusi. Inspekta alimwacha aseme. Kisha akamkatiza.

"Ya mwisho uliimaliza saa ngapi?"

"R. Saa mbili na nusu, kabla ya kuoga."

"Wino ulikuwa umekauka?"

"Wapi, afande. Weusi wote ule unachukua nusu siku."

"Mtu akiikunja?"

"Imekwisha. Inabebwa hivi." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama aliyebeba sinia.

Inspekta aliutazama mlango. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwambia konstebo kwamba Jumatatu alikaa pale tangu saa moja, na hakuona mtu akitoka na kitu. Tena siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Hakuna ambaye angepita hapo na karatasi pana kama mlango, yenye wino mbichi, asionekane.

Karatasi hazikutoka ndani ya nyumba.

Jikoni, mke alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Mama, ziko wapi?"

"Chumba cha binti yetu, chini ya kitanda. Zimelala vizuri. Hakuna iliyochafuka."

"Kwa nini?"

Alijibu polepole. Miaka thelathini alikuwa akiunganisha simu za watu, kutwa nzima sauti masikioni. Tangu astaafu, zilipita siku ambazo aliyesema naye ni redio tu. Mumewe alikuja, akala, akarudi mezani kwake.

"Nilitaka kuficha moja," alisema. "Lakini moja angeichora upya bila kusema na mtu. Nikachukua zote. Akaja mbio kuniuliza. Tukatafuta pamoja mpaka chini ya makochi. Chumba cha binti nikasema nitakitazama mimi. Nilipanga kuzirudisha jioni." Akanyamaza kidogo. "Jioni akaniuliza kama nimekula. Tangu binti aolewe hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikasema acha niongeze siku moja."

"Na Mabango?"

"Nilijua yuko ndani. Nikanyamaza. Hilo linanitia aibu kuliko yote."

Mchoraji alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Aligeuka kwanza akaenda chumbani. Walimsikia akizivuta karatasi moja moja, akizikagua, mpaka ya mwisho. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Si ungeniambia tu."

"Nilikuambia," mkewe alisema. "Ulikuwa unachora."

Inspekta aliwaeleza kwamba malalamiko ya wizi mzee anaweza kuyafuta akitaka. Lakini mtu amelala mahabusu bila kosa, kwa hiyo mama ataandika maelezo kituoni, na Mabango atayasikia kutoka kinywani mwa mama mwenyewe. Mke aliinuka bila ubishi, akajitanda mtandio.

Mchoraji aliirudisha R mezani. Akaitazama. Kisha akachukua funguo, akaifunga karakana mchana wa siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawafuata.

Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alitembea kando ya mkewe, bega kwa bega. Mara mbili alifungua kinywa, na mara zote mbili akakifunga. Mkewe alimsubiri, kichwa kimeinama kidogo upande wake, mpaka wakafika.