Rwegoshora na Maua Dume ya Maboga

Kila asubuhi Anatolia wa Kihanga hukagua maboga yake kabla hata ya kuwasha moto. Msimu huu ana sababu. Kina mama wa usharika wamempa kazi ya kuleta maboga ya sikukuu ya mavuno, naye ameshajigamba kwa kila mtu.

Asubuhi moja akapiga kelele.

"Baba Benjamin! Njoo uone! Vijiboga vinageuka njano na kudondoka!"

Mumewe, Rwegoshora, akatoka ndani.

"Haiwezekani. Shamba hili nalitunza mwenyewe. Kila jioni nakata maua dume yote, kama kwenye migomba."

Kwa bidii, Rwegoshora hana mpinzani. Wakulima walipofundishwa kuondoa ua dume la mgomba kwa mti wenye panda, ili ugonjwa wa mnyauko usienee, yeye alimaliza kabla ya wote. Sasa aliuburuza mti huo huo mrefu kwenye maboga yanayotambaa chini, na mgongo ulimuuma vibaya sana.

Jirani yao, Costansia, mwalimu mstaafu, alisikia kelele akaja. Alipoona rundo la maua yaliyokatwa, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Rwegoshora kwa hasira kidogo. "Unacheka nini?"

"Marahaba. Waitu, jirani yangu, umewamaliza wanaume wote shambani!"

Akaokota ua moja.

"Tazama. Hili lina kikonyo kirefu, chembamba. Ndani mna unga wa njano, unaitwa chavua. Hili ni dume. Lile pale lina kijiboga chini yake. Ni jike. Nyuki hubeba chavua kutoka dume mpaka jike. Isipofika, mbegu hazitungwi, na kijiboga hudondoka."

"Mbona migomba inazaa tu?"

"Migomba yetu haihitaji chavua. Umewahi kung'ata mbegu ndani ya ndizi?"

Rwegoshora akafikiri. Hakuwahi.

Anatolia hakuwa na hamu ya kucheka. Machozi yalikuwa karibu. "Na sikukuu yangu je?"

"Bado kuna muda. Maua dume chukueni kwangu. Njooni asubuhi mapema, maua yakiwa wazi. Nyonyoeni petali, kisha mpakaze chavua katikati ya ua jike. Na dume jipya likichanua hapa, liacheni!"

Kesho yake Rwegoshora alipita barabarani na fungu la maua mkononi. Mwendesha bodaboda akasimama.

"Mzee, maua ya nani hayo asubuhi hii?"

"Ya maboga!"

"Haya, wasalimie hao maboga."

Aibu ilimjaa, lakini alipakaza ua baada ya ua. Baadaye madume mapya yakachanua, nyuki wakarudi, naye hakuyagusa.

Siku ya sikukuu, maboga ya Anatolia yalijaa mbele ya kanisa. Kina mama wakamzunguka.

"Mwenzetu, umefanyaje?"

"Mimi nilipalilia tu," akajibu Anatolia. "Mshenga alikuwa mume wangu."